Davos: mji uliouza hewa kwa wenye kifua kikuu

Davos husikika kila Januari. Marais, mawaziri wa fedha na wakuu wa mabenki hupanda kwenye theluji ya mashariki mwa Uswisi, hujadili uchumi wa dunia kwa siku chache, kisha hushuka. Taarifa za habari hazina muda wa kueleza ilikuwaje bonde la wafugaji wa ng'ombe likapata hoteli nyingi kiasi kile, reli yake na ukumbi wa mikutano. Jibu ni kifua kikuu. Kuanzia 1865 hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Davos iliishi kwa mapafu ya watu wengine.

Katika historia ndefu ya miji ya tiba ya Ulaya nimeichagua hii kwa sababu ilianza bila mtaji wa kawaida. Bath ya Uingereza, Vichy ya Ufaransa, Baden-Baden ya Ujerumani na Karlovy Vary ya Bohemia, ambayo Wajerumani waliiita Karlsbad, zote zilianza na chemchemi. Maji ya moto au yenye madini yalikuwa yakibubujika huko kabla daktari yeyote hajafika. Bath Warumi waliyaoga karibu miaka elfu mbili iliyopita. Mgeni wa Karlovy Vary aliamka mapema, akazunguka na kikombe chake kutoka chemchemi moja hadi nyingine huku bendi ikipiga, akanywa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na kama tumbo lake halikupona, angalau alihisi kitu kimepita. Davos haikuwa na chemchemi ya kujivunia. Ilikuwa na malisho, ng'ombe, na baridi ya miezi mingi. Ikabidi iuze kitu kisichoshikika wala kuonjwa. Mwenye maji ya moto hahitaji maneno mengi, mteja ataingia mwenyewe ayasikie mwilini. Mwenye kuuza hewa lazima awe na maelezo.

Maelezo yalikotoka

Alexander Spengler alizaliwa Mannheim mwaka 1827. Alikuwa akisoma sheria Heidelberg mapinduzi ya Baden yalipozuka. Akajiunga nayo, yakashindwa mwaka 1849, naye akakimbilia Uswisi. Sheria za nchi aliyoikimbia hazikuwa na faida kwake tena, kwa hiyo akageukia udaktari huko Zürich. Mwaka 1853 akapata kazi ya kuwa daktari wa bonde la Davos. Haikuwa kazi ya kugombaniwa: wakazi hawakufika 2,000, nyumba zimetawanyika mashambani, na majira ya baridi theluji huziba njia.

Huko aliona jambo lililomshangaza. Wenyeji karibu hawakuugua kifua kikuu, wakati ambapo ugonjwa huo ulikuwa ukizoa watu katika miji ya viwanda ya Ulaya. Tena, vijana wa Graubünden, jimbo lenye Davos, walikuwa na desturi ya kwenda mbali kutafuta maisha kama waoka keki na wenye mikahawa katika miji mikubwa, na baadhi yao walirudi wakikohoa. Spengler aliwaona hao waliorudi wakipata nafuu. Akahitimisha kwamba kimo ndicho kinachoponya: hewa nyepesi ya mlimani huuchangamsha moyo, damu huzunguka kwa kasi, na pafu lililochoka hupata lishe. Mwaka 1869 alichapisha maandishi kuitetea Davos kama mahali pa kutibia kifua kikuu.

Wazo hilo lilikuwa na mzazi mwingine. Huko Görbersdorf, Silesia, mji ambao leo uko Poland kwa jina la Sokołowsko, Hermann Brehmer alikuwa ameanza kutibu wagonjwa wa kifua milimani tangu miaka ya 1850. Aliamini kwamba mgonjwa wa kifua kikuu ana moyo mdogo kuliko unavyotakiwa na mapafu yake, na kwamba yapo maeneo ya milimani ambako ugonjwa huo haushiki kabisa. Alisema pia jambo ambalo madaktari wengi wa wakati wake hawakuthubutu kulisema, kwamba kifua kikuu kinatibika kikiwahiwa. Habari ya mioyo midogo alikosea. Tumaini alilolieneza lilileta watu.

Ushahidi wa Spengler tuukague kidogo, maana makosa yake bado yanafanyika leo katika matangazo ya dawa za mitishamba na za maduka. Kwanza, aliwahesabu waliorudi. Mwoka keki aliyefia Berlin hakurudi kuhesabiwa, na aliyedhoofika mno hakuweza safari ya kupanda bondeni. Waliofika mbele ya daktari walikuwa tayari wamechujwa. Pili, kifua kikuu kisichotibiwa hakiui kila mtu. Katika wale wenye vimelea kwenye makohozi, takribani 7 kati ya 10 hufariki ndani ya miaka 10. Waliobaki, wengine hupona wenyewe bila ya dawa wala mlima. Hao ndio wanaosimulia. Tatu, wenyeji hawakuugua kwa sababu walikuwa wachache, wametawanyika, na hawakuishi kwa kubanana kama wafanyakazi wa Manchester au Berlin.

Na kimo chenyewe? Davos iko mita 1,560 juu ya usawa wa bahari. Iringa mjini inakaribia hapo hapo, na Nairobi imeipita kwa zaidi ya mita 100. Wodi za kifua kikuu zipo kote kuwili.

Wagonjwa wawili wa Februari

Mpaka hapo nadharia ilikuwa ya majira ya joto. Baridi ilihesabiwa kuwa adui wa kifua, na mgonjwa mwenye fedha alipelekwa kusini: Menton, Nice, Madeira. Februari 1865 Wajerumani wawili, Dkt. Friedrich Unger na Hugo Richter, wote wagonjwa wa kifua waliokwisha kujaribu Görbersdorf bila mafanikio, walifika Davos kwa sleji katikati ya theluji. Wenyeji waliwaona wamepungukiwa akili. Wakakaa, wakatembea nje, wakalala juani, na wakapata nafuu. Unger akabaki akifanya udaktari hapo hapo. Richter akafungua biashara ya vitabu na uchapishaji.

Hapo ndipo kisa kinapogeuka kuwa cha kiuchumi. Davos ilipata msimu wa pili, tena msimu ambao miji ya maji ilikuwa imefunga. Na ilipata mashahidi wawili waliopona, mmoja akiwa na hati ya udaktari na mwingine akiwa na mtambo wa kuchapa. Sijui tangazo gani lingeweza kushinda hilo.

Fedha zililetwa na msiba. Willem Jan Holsboer, Mholanzi aliyewahi kuwa nahodha wa meli kisha mtu wa benki London, alimleta mke wake kijana Davos mwaka 1867. Mke akafariki. Holsboer hakuondoka. Mwaka uliofuata yeye na Spengler walifungua Kurhaus, nyumba ya wageni na tiba kwa pamoja. Ilipoungua mwaka 1872 wakaijenga upya. Holsboer aliona jambo ambalo daktari hakuliona: tiba haikuwa kikwazo, kikwazo kilikuwa njia. Kutoka stesheni ya Landquart, chini bondeni, hadi Davos mgonjwa anayetema damu alisafirishwa kwa gari la farasi saa nyingi. Akapigania reli. Ilifika Klosters mwaka 1889 na Davos mwaka 1890, nayo ndiyo mwanzo wa kampuni ya reli ambayo leo inahudumia jimbo zima la Graubünden. Kufikia mwaka 1900 bonde lile la watu wasiofika 2,000 lilikuwa na wakazi zaidi ya 8,000.

Tiba ya Spengler ya miaka ya mwanzo inachekesha ukiisoma leo: maziwa kwa wingi, divai nyekundu ya Veltlin, maji baridi ya kumwagiwa mwilini, matembezi, na kupakwa mafuta ya marmoti, mnyama wa milimani anayefanana kwa mbali na pimbi. Haikuwa ulaghai. Wengi wa waliokuja walikuwa wamekonda, na kula vizuri hakukuwadhuru.

Nadharia inapoanguka

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Robert Koch alitangaza kwamba amemwona mdudu anayesababisha kifua kikuu. Ugonjwa ni wa kuambukiza. Haurithiwi, wala hauletwi na moyo mdogo, huzuni au hewa nzito. Kwa mji ambao biashara yake yote imesimama juu ya nadharia ya kimo, habari hiyo ilipaswa kuwa pigo la mwisho. Tena ilikuja na tishio jipya: kama makohozi yanaambukiza, basi Davos ilikuwa imekusanya mamia ya watu wanaokohoa katika mtaa mmoja.

Mji haukuanguka. Ulibadilisha maelezo na kuacha huduma karibu vilevile. Hewa ya mlimani sasa ikasifiwa kwa usafi wake, jua kwa nguvu yake ya kuua vimelea, na utengano wa bonde ukawa sifa badala ya udhaifu. Kutema mate ovyo kukawa kosa. Mgonjwa alitembea na kichupa mfukoni cha kutemea makohozi, cha kioo cha buluu chenye kifuniko. Kilibuniwa na Peter Dettweiler, mwanafunzi wa Brehmer ambaye mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mgonjwa wake, na Wajerumani walikipachika jina la Heinrich wa Buluu. Watu wa heshima walikitoa mezani hotelini bila haya.

Dettweiler huyo huyo, katika nyumba yake ya tiba huko Falkenstein karibu na Frankfurt, aliyageuza mafundisho ya mwalimu wake. Brehmer aliwatembeza wagonjwa vilimani, Dettweiler aliwalaza. Alale nje, kwenye roshani, saa nyingi kwa siku, jua au theluji, amefungwa mablanketi. Na Dettweiler hakuwa mlimani hasa, jambo ambalo lilipaswa kuwatia wasiwasi watu wa Davos. Wao walichukua kulala kwake, wakaacha mahali pake.

Ratiba

Aliyeileta nidhamu hiyo Davos kwa ukali ni Karl Turban, daktari Mjerumani ambaye naye alipanda huko kwa sababu ya kifua chake. Mwaka 1889 alifungua katika mji huo sanatoriamu ya kwanza, yaani nyumba ya tiba ambamo wagonjwa wa kifua kikuu hulazwa muda mrefu chini ya uangalizi wa daktari. Kabla yake mgonjwa alipanga hoteli, akamwona daktari akipenda, akaenda dansi usiku. Kwa Turban mgonjwa alikuwa chini ya paa moja na daktari wake, na kila saa ilikuwa na amri yake. Kupima joto mara kadhaa kwa siku na kuandika. Milo mingi, maziwa juu ya maziwa. Kulala roshanini asubuhi, baada ya chakula cha mchana, jioni, mara nyingine usiku. Kuzungumza wakati wa mapumziko kulikatazwa. Matembezi yalipimwa kwa dakika, na homa ikipanda kidogo matembezi yanafutwa.

Hapa ndipo ninapoona siri ya Davos kuliko kwenye hewa. Muda wenyewe uligeuzwa dawa, na dawa hiyo ilinunuliwa kwa mwezi. Mgonjwa wa Vichy alikaa wiki tatu, akarudi nyumbani hadi mwaka ujao. Mgonjwa wa Davos alikaa miezi sita, mwaka, miwili. Chumba kimoja kilichojaa mwaka mzima kina faida kuliko vyumba vingi vya msimu. Majengo yenyewe yakafuata kitanda: roshani ndefu upande wa kusini, milango mipana ya kupitisha makochi, kuta laini zinazofutika kwa dawa. Atazamaye leo majengo meupe ya karne ya 20 yenye madirisha makubwa na roshani kila chumba anatazama, kwa sehemu, mtoto wa sanatoriamu.

Matokeo ya tiba yalichapishwa na yalionekana mazuri. Turban aliwagawa wagonjwa kwa hatua za ugonjwa, kazi ya maana kitabibu, na mgawanyo wake ulitumika Ulaya nzima. Lakini aliyechagua nani aingie ni daktari, na aliyependelewa ni mgonjwa wa hatua za mwanzo. Mgonjwa mahututi aliweza kukataliwa au kurudishwa kwao. Hakukuwa na kundi la wagonjwa wa namna hiyo hiyo waliobaki nyumbani ili kulinganishwa nao. Kwa hiyo swali la mlima uliongeza nini juu ya chakula, mapumziko na bahati halikujibiwa kwa zaidi ya nusu karne, na wenye vitanda hawakuwa na haraka ya kuliuliza.

Kishawishi hicho kilionekana wazi mwaka 1912. Katia Mann, mke wa mwandishi Thomas Mann, alilazwa miezi kadhaa katika sanatoriamu moja ya Davos. Mume alikwenda kumtembelea kwa wiki chache, akapata mafua, na daktari mkuu alipomgongagonga kifua alimwambia ana doa pafuni, bora abaki. Daktari wake wa Munich akamshauri aondoke. Akaondoka, akaishi hadi 1955. Picha za eksirei za Katia zilipokaguliwa na mtaalamu miongo mingi baadaye hazikuonyesha kifua kikuu. Sisemi daktari alidanganya. Nasema kwamba mtu anayeishi kwa vitanda vilivyojaa, akiwa na kipimo kisicho na uhakika mkononi, makosa yake huelekea upande mmoja. Riwaya ambayo Mann aliitoa mwaka 1924 kutokana na ziara hiyo iliwaudhi madaktari wa Davos, na kisha ikawaletea watalii.

Kwa wagonjwa wazito kulikuwa na zaidi ya kulala. Mwitalia Carlo Forlanini alikuwa ameanzisha njia ya kuingiza gesi kati ya pafu na ukuta wa kifua ili pafu lisinyae na kupumzika. Gesi ilibidi iongezwe tena na tena kwa muda mrefu. Baadhi walisaidika, na wote walifungwa zaidi na mahali palipokuwa na daktari wa kuijaza.

Fukara nao walifika, ila kwa mlango mwingine. Mji wa Basel ulifungua nyumba yake ya tiba Davos mwaka 1896 kwa wagonjwa wasio na uwezo, na mwaka 1901 ikafunguliwa ya Wajerumani kule Wolfgang, upande wa juu wa bonde. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mita 300 juu ya mji, ilikuwa imefunguliwa Schatzalp, sanatoriamu ya kifahari iliyokuwa ndoto ya Holsboer. Yeye alikwisha kufariki mwaka 1898. Kifua kikuu kilikuwa kimoja, kitambaa cha meza hakikuwa kimoja.

Waliosubiri wagonjwa

Davos ilikuwa na aina nyingine ya wageni ambao vitabu vya tiba haviwataji: wake, waume, kaka na dada wazima waliokaa na wagonjwa wao, pamoja na wagonjwa waliopata nafuu lakini wakaogopa kushuka. Walikuwa na fedha, muda, na theluji. Mwandishi Mwingereza John Addington Symonds alifika mgonjwa mwaka 1877, akahamia kabisa, na kufikia 1883 alikuwa akisaidia kuandaa mashindano ya sleji kati ya wenyeji na wageni. Robert Louis Stevenson alipitisha huko majira mawili ya baridi kuanzia 1880. Arthur Conan Doyle alimleta mkewe Louise aliyekuwa na kifua kikuu, na wakati mke amelala roshanini, mume, pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Branger wa Davos, alivuka mlima kwa skii hadi Arosa mnamo Machi 1894 na kuwaandikia Waingereza habari zake. Louise aliishi hadi 1906, zaidi ya alivyotabiriwa.

Bidhaa mbili zilibeba jina la mji huo nje ya Uswisi: kochi la Davos, la kulalia roshanini, na sleji ya Davos. Ya kwanza ilimlaza mgonjwa, ya pili ilimteremsha mzima. Kwa muda mrefu mji ulidhani unaishi kwa ile ya kwanza.

Pembeni mwa wagonjwa ilikua pia sayansi. Carl Dorno, Mjerumani tajiri kutoka Königsberg, alihamia Davos kwa ajili ya binti yake mgonjwa. Alitaka kujua hilo jua linalosifiwa lina nini hasa, na mwaka 1907, kwa fedha zake mwenyewe, akaanzisha kituo cha kupima mionzi. Kati ya watu wote waliolisifu jua la Davos, ni yeye aliyeona haja ya kulipima. Mwaka 1928 yalianza mafunzo ya chuo kikuu kwa ajili ya wanafunzi waliokwama huko kwa ugonjwa, na Albert Einstein alikuja kutoa mhadhara wa ufunguzi.

Wingi wa Wajerumani ulikuwa na sura nyingine pia. Wilhelm Gustloff alipanda Davos mgonjwa wa mapafu mwaka 1917, akapata kazi katika kituo hicho cha vipimo, akabaki, na baadaye akawa kiongozi wa chama cha Nazi nchini Uswisi. Februari 1936 alipigwa risasi nyumbani kwake hapo Davos na David Frankfurter, mwanafunzi Myahudi wa udaktari.

Vidonge

Oktoba 1943, katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, Albert Schatz alipata streptomaisini kutoka kwenye vijidudu vya udongo. Mwaka uliofuata ikaanza kutumika kwa wagonjwa. Ikitumika peke yake, vimelea hujifunza kuihimili. Ikichanganywa na dawa nyingine, hasa baada ya isoniazidi kuingia mwaka 1952, kifua kikuu kikawa ugonjwa wa kuponyeka kweli. Schatzalp iligeuzwa hoteli mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mtindo mzima wa tiba uliojengwa kwa miaka 80 ulivunjika ndani ya takribani miaka kumi.

Lakini swali la zamani lilikuwa bado halijajibiwa: je, dawa inahitaji kitanda, hewa na chakula cha sanatoriamu ili ifanye kazi? Lilijibiwa mbali na Alpi. Mwaka 1956 huko Madras, India, wagonjwa 193 waligawanywa kwa kura. Wengine walilazwa sanatoriamu, wengine walipewa dawa zilezile wakakaa majumbani mwao, kwenye vyumba vilivyobanana, kwa chakula duni, wakifanya kazi. Matokeo yaliyotoka mwaka 1959 yalionyesha kwamba wa nyumbani walipona karibu sawa na waliolazwa, na ndugu zao hawakuambukizwa zaidi.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa imeletewa wazo la sanatoriamu. Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926, wakati wa utawala wa Waingereza, kama mahali pa kuwatenga na kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu, na leo ni hospitali ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza. Mchango mkubwa wa upande huu, hata hivyo, ulihusu muda. Kuanzia mwaka 1970 wagonjwa katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waliingia katika utafiti uliofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Tiba ya kawaida ilikuwa ya miezi 18. Hapa ilijaribiwa ya miezi 6. Kwa waliopewa streptomaisini na isoniazidi tu kwa miezi hiyo sita, ugonjwa uliwarudia zaidi ya robo yao. Kwa walioongezewa dawa nyingine, rifampisini, uliwarudia takribani 3 katika kila 100, sawa na tiba ya miezi 18. Dawa ya pirazinamidi nayo ilisaidia sana. Dozi ya miezi sita inayotolewa zahanati zetu ina mizizi katika wagonjwa hao. Turban aliuza muda kama dawa. Wao ndio waliosaidia kupima muda upi ni dawa na upi ni wa bure.

Davos baada ya wagonjwa

Mji ulinusurika kwa sababu wale wageni wazima walikuwa wameuachia kazi nyingine. Kombe la hoki ya barafuni lenye jina la Spengler lilianza mwaka 1923, limeanzishwa na Carl, mtoto wa Alexander, daktari kama baba yake. Reli ya kupandia Parsenn, eneo la skii juu ya mji, ilikuwepo tangu mwanzo wa miaka ya 1930, na mwaka 1934 likaja lifti la kuwavuta wanaskii. Vidonge vilipoingia, vitanda vya roshani vilikuwa tayari na wateja wengine mlangoni. Miji ya sanatoriamu ambayo haikuwa na hilo iliachwa na majengo matupu.

Ukumbi wa mikutano ulifunguliwa mwaka 1969. Mwanzoni mwa 1971 Klaus Schwab, mwanzilishi wa ile mikutano ya Januari, aliwakusanya humo zaidi ya wakuu 400 wa makampuni ya Ulaya. Alihitaji mahali penye vitanda vingi, mbali na ofisi, ambapo mgeni akishapanda hatoroki jioni. Davos ilikuwa imejengwa hivyo hivyo kwa sababu nyingine kabisa.

Kituo cha Dorno bado kipo, na tangu 1971 kinatunza kipimo rejea ambacho vyombo vya kupimia mionzi ya jua duniani hulinganishwa nacho. Ile nyumba ya Wajerumani kule Wolfgang iligeukia pumu na mizio ya ngozi. Wadudu wadogo wa vumbi la nyumbani, wanaowasumbua wengi wenye pumu, hawastawi katika hewa kavu ya mlimani, na hilo limepimwa. Ni jambo ambalo Spengler hakulijua, kuhusu ugonjwa ambao hakuwa akiutafuta.